Simu za mtandaoni kwa mauzo na huduma kwa wateja: Mambo ya kulinganisha kabla ya kulipia

BIASHARA nyingi zilizoko Tegeta, Mwenge, Keko na Mbagala jijini Dar es Salaam hutangaza namba mbili au tatu za simu za kiganjani katika mabango yake, kila moja ya mtandao wake, ili mteja apige kwa kifurushi alichonacho.

Si ajabu kukuta namba hizo zimesajiliwa kwa alama za vidole za mwajiriwa na si kwa jina la biashara. Muuzaji anapoacha kazi huondoka na laini yake, na pamoja nayo huondoka orodha ya wateja, maagizo na ahadi ambazo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akizifahamu.

Mifumo ya simu za mtandaoni inaweza kuondoa tatizo hilo. Badala ya kampuni kununua swichibodi na kuifunga ofisini, swichibodi huwa ni programu iliyomo katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Mteja hupiga namba moja, programu humwunganisha na mhudumu asiye na kazi kwa wakati huo, awe Kijitonyama au Chamazi, na kumbukumbu za simu hubaki mikononi mwa kampuni.

Hata hivyo, mifumo hiyo hutofautiana, na uchaguzi hutegemea kwanza kazi inayokusudiwa.

Mauzo na huduma ni kazi mbili

Watu wa mauzo hupiga simu zaidi ya wanavyopigiwa. Wanachohitaji ni bei nafuu ya dakika, ratiba ya kuwakumbusha nani apigiwe lini, na historia ya mteja kujitokeza katika kompyuta simu inapoanza kuita.

Kitengo cha huduma kwa wateja hupokea simu. Chenyewe huhitaji foleni, sauti ya kumwelekeza mteja abonyeze 1 au 2, na hesabu ya simu zilizokatika kabla ya kupokelewa. Katika nchi ambayo watu wamezoea kubipu, mfumo unaoandika kila simu iliyokatika na kumpangia mhudumu wa kuirudisha una thamani kubwa kuliko vikorombwezo vingi.

Makundi manne

Kundi la kwanza ni programu za bure, hasa Asterisk, iliyoanza mwaka 1999. Haina ada ya kila mtumiaji na inaweza kuwekwa katika kompyuta iliyopo hapa nchini, lakini inahitaji fundi wa kudumu. Ikiachwa bila ulinzi, wezi wa mtandaoni huweza kuitumia kupiga simu za nje kwa gharama ya mwenye nayo.

Kundi la pili ni huduma kamili za kulipia kwa mwezi kwa kila mtumiaji, kama RingCentral, Aircall, Dialpad na Zoom Phone. Ni rahisi kuanza nazo na huunganishwa na programu za kumbukumbu za wateja kama Salesforce na HubSpot. Udhaifu wake ni kwamba bei hupangwa kwa fedha za kigeni, na kabla ya kulipa ni lazima kuuliza iwapo mfumo unakubali namba ya Tanzania. Mteja wa Tandika hatapiga namba ya Marekani.

Kundi la tatu hulipiwa kadiri ya matumizi. Amazon Connect, iliyoanza mwaka 2017, imo humo, pamoja na Twilio na Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010. Hufaa biashara yenye misimu ya simu nyingi na misimu ya ukimya, lakini huduma nyingi za namna hii humhitaji mwandishi wa programu.

Kundi la nne ni WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018. Programu yake ya simu ni ya bure na wateja wameizoea. Kwa duka la watu wawili inatosha. Kwa wahudumu kumi haitoshi, kwa kuwa haina foleni ya simu wala taarifa za nani alipokea nini.

Intaneti na umeme

Simu moja ya mtandaoni yenye sauti isiyobanwa hutumia takriban MB 1.3 kwa dakika, kwenda na kurudi. Mhudumu anayezungumza saa nne kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutumia karibu GB 8. Wahudumu watano watahitaji GB 40 kwa simu peke yake.

Kasi pekee haitoshi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na kadiri kompyuta za mfumo zilivyo mbali ndivyo sauti inavyochelewa.

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Kwa sababu hiyo, kampuni ipange na mtoa huduma wa ndani kwamba mfumo ukizimika, simu zihamie zenyewe kwenye laini ya kiganjani. Kifaa cha intaneti nacho kiwe na betri ya akiba kwa ajili ya umeme kukatika.

Sheria

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inawataka wanaokusanya taarifa za watu kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Sauti ya mteja iliyorekodiwa na kuhifadhiwa ughaibuni inaguswa na masharti hayo, na ni vema mteja aelezwe mwanzoni kwamba anarekodiwa.

Vifaa vya kuunganisha kadi za simu na intaneti visifungwe bila kuuliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kuendesha mitambo ya mawasiliano bila leseni kumewafikisha watu mahakamani.

Kabla ya kusaini

Tangu Machi 2017, mteja wa simu za kiganjani anaweza kuhama mtandao bila kupoteza namba. Kwa namba ya mfumo wa mtandaoni, haki hiyo iandikwe katika mkataba: namba isajiliwe kwa jina la kampuni, na kumbukumbu zote zitolewe mkataba unapokwisha.

Mwisho, mfumo ujaribiwe kwa wiki mbili na wahudumu wawili, mchana wa kazi, kutoka eneo lile lile utakakotumika. Ukisikika vizuri Posta, si hakika kwamba utasikika hivyo hivyo Mbagala.