Vuli ya 1819: Historia Ndani ya Shairi la Mavuno la John Keats

Je, shairi la maumbile laweza kuwa ushahidi wa kihistoria? Insha hii inachunguza swali hilo kupitia “To Autumn”, shairi la John Keats, mmoja wa washairi wakuu wa ulimbwende nchini Uingereza. Shairi linasifu vuli ya Ulaya, yaani majira ya mavuno na kupukutika kwa majani, wala si vuli yetu ya mvua. Hoja yangu ni kwamba mbinu zake, hasa tashihisi, zinaonyesha historia ambayo mshairi aliiona na ile aliyoiacha nje.

Keats alilitunga mjini Winchester tarehe 19 Septemba 1819, baada ya matembezi nje ya mji. Mwezi mmoja kabla, tarehe 16 Agosti, askari wapanda farasi walivamia mkutano wa watu wapatao 60,000 huko Manchester waliokuwa wakidai mageuzi ya Bunge. Watu wasiopungua 11 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Mkasa huo ukaitwa Peterloo. Keats alikuwa na habari zake. Tarehe 13 Septemba alikuwa London wakati Henry Hunt, msemaji mkuu wa mkutano ule, alipopokewa na umati mkubwa, na alimwandikia mdogo wake George, aliyekuwa Marekani, kuhusu mapokezi hayo. Hata hivyo, shairi halitaji Manchester, askari wala Bunge.

Shairi lina beti 3 zenye mishororo 11 kila mmoja. Ubeti wa kwanza umejaa taswira za kuonja na kugusa: matunda yanaiva, na nyuki wanadhani siku za joto hazitakwisha. Wa pili unatumia tashihisi: Vuli ni mtu aliyeketi ghalani, aliyesinzia shambani na mundu wake, anayevuka kijito na mzigo kichwani, na anayetazama matufaha yakikamuliwa. Wa tatu una taswira za sauti, hadi mbayuwayu wanaokusanyika angani. Mwendo huo kutoka kuiva hadi kuondoka unajenga dhamira kuu: uzuri na mwisho wake haviachani.

Mwaka 1979 mhakiki Jerome McGann alidai kwamba shairi hili ni njia ya kuikimbia historia ya wakati wake. Dai hilo lina uzito tukimlinganisha Keats na Shelley, ambaye mwaka uleule aliandika “The Masque of Anarchy” akilaani mauaji ya Manchester waziwazi.

Hata hivyo, tumtazame tena yule mwenye mzigo kichwani. Huyo ni mwokota masazo, maskini anayekusanya masuke yaliyobaki baada ya mavuno, kama Ruthu katika Biblia. Mwaka 1788 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba sheria haiwapi watu haki ya kuokota masazo katika shamba la mtu mwingine. Desturi iliendelea mahali pengi, lakini haki ilikuwa imekanwa. Katika shairi, mwokotaji anapita bila kuzuiwa, kwa kuwa shamba halina mwenyewe. Mvunaji naye anasinzia bila msimamizi wa kumkemea.

Hivyo tashihisi inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inampa mfanyakazi maskini hadhi ya mungu wa majira; wakati huohuo inaondoa mwenye shamba, ujira na njaa, ingawa Sheria za Nafaka za 1815 zililinda bei ya ngano kwa manufaa ya wenye ardhi. Kwa maoni yangu, shairi hili si fumbo la Peterloo, wala si usahaulifu mtupu. Ni picha ya kazi kama ambavyo ingekuwa bila mgogoro.

Kwa mwanahistoria, basi, ukimya wa shairi la maumbile si kibali cha kutafuta siasa chini ya kila jani. Maswali yenye manufaa zaidi ni haya: nani anafanya kazi katika mandhari hii, na nani ameondolewa?