Mzigo, Mchanga na Magurudumu: Safari Ndefu za Baiskeli katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Mashindano ya baiskeli za milimani yanayochukua siku kadhaa ni mchezo wa juzijuzi. Cape Epic ya Afrika Kusini, ambayo wapanda baiskeli huikimbia wawiliwawili kwa siku 8, ilianza mwaka 2004, na katika visiwa vya Mediterania, kama Kupro, zimefanyika pia mbio za siku 4 juu ya mawe na vumbi. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, kukaa njiani siku kadhaa juu ya baiskeli kulitangulia mchezo huo kwa miongo mingi, na hakukuwa na kikombe wala medali. Ilikuwa njia ya kutafuta riziki.

Mfano wa nchi hiyo ni Kitomanga, kijiji kilicho kaskazini mwa mji wa Lindi, kwenye barabara iendayo Kilwa na Dar es Salaam. Mashariki yake ni bahari na vijiji vya wavuvi, magharibi ni vilima na misitu, na kaskazini ni bonde la mto Mbemkuru. Ardhi hiyo hubadilika ghafla: mchanga laini, kisha udongo mweusi unaonata wakati wa masika, kisha miinuko ya changarawe. Aliyetaka kwenda bara kutoka pwani alilazimika kuvuka yote hayo.

Kwa karne nyingi alivuka kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa na kuishia Kilwa Kivinje. Ugonjwa ulioenezwa na mbung'o uliwaua wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo mzigo ulikaa juu ya kichwa au bega la binadamu.

Kielelezo kikubwa kuliko vyote cha kazi hiyo kiko Tendaguru, kilima kilicho kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa Lindi. Baina ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, mwanzoni chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba hapo mifupa ya dinosaria. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kutambua na kufukua mifupa ulitegemewa na wataalamu wenyewe. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, mingine kwa mianzi, ikabebwa kichwani au kwa miti begani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku 4. Zaidi ya tani 200 zilifika Ujerumani kwa namna hiyo. Kiunzi kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, ambacho leo kina urefu wa mita 13 na ushei kwenda juu, hutazamwa na maelfu ya watu, lakini nyayo zilizokifikisha melini zilikuwa za watu wa Lindi, na wangestahili kutajwa kila kinapotajwa.

Baiskeli ilirithi njia za wapagazi hao. Ilipoingia Afrika Mashariki, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa chombo cha wamisionari, maofisa na wafanyabiashara wachache. Wenyeji waliotangulia kuipata ni waliokuwa na mshahara: makarani, walimu na makatekista wa misheni za kusini. Baadaye fedha za mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji wa Lindi, na za mpango wa karanga wa Nachingwea wa mwishoni mwa miaka ya 1940, zilitia shilingi mikononi mwa vibarua. Mpango wa karanga ulikufa mwaka 1951 bila kuleta mavuno yaliyotarajiwa. Lakini baiskeli iliyonunuliwa kwa mshahara wake iliendelea kumtumikia mwenyewe miaka mingi baadaye. Raleigh ya Uingereza ilikuwa fahari ya nyumba, ikitolewa mahari na kurithishwa.

Kilichoifanya baiskeli kuwa chombo cha safari ndefu ni mafundi wa vijijini. Baiskeli ya kiwandani ilitengenezwa kwa mtu mmoja na lami. Fundi aliongeza nondo kwenye keria, akaimarisha uma wa mbele, akabadilisha spoku kwa nene zaidi, na pengine akaondoa breki za mkono zilizokuwa zikiharibika mapema. Baada ya hapo iliweza kubeba zaidi ya kilo 100: gunia la mkaa, matenga ya samaki, nazi, muhogo mkavu au ufuta.

Mchuuzi wa samaki alinunua kwa wavuvi wa pwani, akakausha au kukaanga ili samaki wasiharibike njiani, kisha akaondoka alfajiri kabla mchanga haujapata moto. Mchanga ndio uliokuwa adui mkubwa, kuliko hata mlima. Mlimani mtu husukuma na kupumzika, lakini kwenye mchanga gurudumu la mbele huzama na mzigo hupinduka. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa kutembea kando ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye tandiko. Wachuuzi waliandamana ili mwenye pancha asibaki peke yake porini, ambako simba na tembo hawakuwa hadithi. Pampu, vipande vya tyubu kuukuu na gundi vilikuwa sehemu ya mzigo. Huko bara samaki walibadilishwa kwa nafaka au fedha, na baiskeli ikarudi pwani ikiwa imejaa tena.

Kusini kulihitaji baiskeli kwa sababu kulitengwa na sehemu nyingine za nchi. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua kubwa ziliweza kuifunga barabara kwa muda mrefu. Mpango wa vijiji vya ujamaa, uliowasogeza watu kando ya barabara katika miaka ya 1970, uliwaweka wengi mbali na mashamba yao ya zamani, na mwendo wa kwenda shamba ukarefuka. Baiskeli ya Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ni ya enzi hizo. Uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliifanya tairi kuwa mali adimu. Biashara ilipofunguliwa, baiskeli za China na India, Phoenix na Avon, zilienea vijijini.

Kutoka mzigo hadi mashindano si mbali, na Rwanda imethibitisha hilo. Tour du Rwanda, mbio za barabarani za siku kadhaa, ilianza mwaka 1988. Mwaka 2005 Tom Ritchey, mmoja wa waasisi wa baiskeli za milimani kule California, aliitembelea nchi hiyo na kuona wakulima wakibeba mizigo kwa baiskeli za mbao. Alibuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyozaa timu ya taifa chini ya kocha Jock Boyer. Adrien Niyonshuti wa timu hiyo alishindana katika Cape Epic, akabeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 na kukimbia mbio za baiskeli za milimani. Mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza katika bara la Afrika. Kenya nayo ilipata mbio za siku 4 za Migration Gravel Race huko Maasai Mara mwaka 2021.

Lindi haikupata bahati hiyo. Ilikuwa na njia ngumu, mafundi na miguu yenye nguvu, lakini haikupata mtu wa kuvitazama vitu hivyo kama mtaji wa michezo. Chama cha Mchezo wa Baiskeli Tanzania, CHABATA, kimeshuhudia mbio zinazojulikana zaidi zikifanyika Kanda ya Ziwa.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikasogea kusini kipande kwa kipande hadi kuiunganisha Lindi na Dar es Salaam. Muda si mrefu zikaja pikipiki za China za bei nafuu. Samaki aliyechukua siku mbili kufika bara sasa hufika kabla ya jua kutua, akiwa kwenye barafu. Baiskeli zimebaki kwa safari fupi: kuteka maji, kwenda shamba, kupeleka mahindi mashineni, na wanafunzi kwenda shule.