Ukuta wa Kampuni, Pazia la Mke: Rangi na Mapambo ya Chumba cha Kulala mjini Lubumbashi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wanahistoria wa mji wetu wamelipita haraka, yaani namna wakazi wa Lubumbashi walivyochagua rangi na mapambo ya nyumba zao, hususan chumba cha kulala. Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni suala la ladha ya mtu binafsi tu. Sisi tunaona kwamba, kabla ya kuuliza ni rangi gani inayopendeza, inafaa kuuliza kwanza ukuta ni wa nani.

Tuanze na lugha. Neno rangi lenyewe limetoka katika Kiajemi, na kati ya majina yote ya rangi katika Kiswahili sanifu ni matatu tu yanayopatana na nomino kama vivumishi vya asili ya Kibantu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema ukuta mweupe, kuta nyeupe, lakini ukuta wa kijani, wa manjano, wa zambarau, wa samawati. Hizi za pili ni majina ya vitu: jani, bizari, tunda, mbingu. Utatu huu si wa sarufi peke yake. Victor Turner, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alieleza jinsi Wandembu wa kaskazini-magharibi ya Zambia, ambao ni jamaa wa Walunda wa Katanga, walivyopanga maana za ibada zao juu ya nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kwa Waluba nao, udongo mweupe uitwao pemba ni alama ya usafi, heri na ukaribu wa mizimu. Rangi hizo tatu zilipatikana bila kununuliwa, kwani udongo mweupe, udongo mwekundu na makaa vilikuwa karibu na kila kijiji.

Kwamba kuta za nyumba za Katanga zilichorwa, tunao ushahidi mashuhuri. Mwaka 1926, huko Bukama, mtumishi wa serikali ya kikoloni aitwaye Georges Thiry aliziona picha zilizochorwa juu ya kuta za nyumba. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, ambaye pia alikuwa mchongaji wa pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Mkewe, Antoinette Lubaki, naye akachora. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na mwaka 2015 kazi za mume na mke zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Nyumba zenyewe zilibaki Bukama, na mvua ikafanya kazi yake. Aghalabu habari hii husimuliwa kama mwanzo wa sanaa ya kisasa ya Kongo. Kwa mtazamo wetu, ni pia habari ya pambo lililotolewa ukutani mwa mwenye nyumba likapelekwa ukutani mwa mtu mwingine.

Jijini Elisabethville, lililoanzishwa mwaka 1910, mambo yalikuwa tofauti kabisa, maana mfanyakazi hakuwa na ukuta. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, hapo kwanza iliajiri wanaume wasio na wake kwa mikataba mifupi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 iligeuza siasa yake: mfanyakazi akapewa mkataba mrefu, akaruhusiwa, hata akahimizwa, kuishi na mkewe na watoto katika nyumba ya kambi. Nyumba ilifuata kazi. Aliyeachishwa kazi aliondoka pia nyumbani. Donatien Dibwe dia Mwembu ameeleza kwa kina, katika kitabu chake cha mwaka 2001, jinsi kampuni ilivyojifanya baba wa jamaa hizo. Baba huyo ndiye aliyejenga ukuta, na ukuta ulikuwa wake.

Hapa yafaa tulinganishe na pwani, hasa Lamu, ili tofauti ionekane wazi. Katika nyumba za mawe za waungwana wa Lamu, chumba cha ndani kabisa, ambacho huitwa ndani, kilipambwa kwa zidaka, yaani vishubaka vilivyofanyizwa kwa chokaa katika ukuta wenyewe, na humo vikapangwa vyombo vya kauri vya China. Pambo lilikuwa mwili wa nyumba. Nani atazidarizi kuta za kampuni kwa namna hiyo, ilhali hajui kama mwaka ujao atakuwamo? Mapambo ya kambini yalilazimika kuwa ya kukunjwa na kubebwa.

Ndipo kitambaa kilipochukua nafasi ya ukuta. Katika mafunzo ya kampuni, ya misheni na ya serikali, wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kutarizi na kutunza nyumba kwa kielelezo cha Ubelgiji. Kwa mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, Nancy Rose Hunt alionyesha mwaka 1990 kwamba walimu wa kike walifika hata majumbani mwa wanafunzi wao. Ni dhahiri kwamba mafunzo hayo yalikuwa chombo cha utawala. Lakini mwanamke aliyetarizi foronya alichagua mwenyewe nyuzi zake, na kazi yake ilikuwa yake: shuka, foronya, kitambaa cha meza, na pazia, ambalo mjini twaliita rido, linalotenga chumba cha kulala na macho ya wageni.

Sebuleni, mambo yaliandikwa zaidi. Katika miaka ya 1970 wafanyakazi na makarani walinunua picha zilizochorwa juu ya magunia ya unga: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta mali, au Colonie belge pamoja na askari wake na mjeledi wake. Walioziuza na walioziweka waliziita ukumbusho. Johannes Fabian alizichunguza, na Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, akamchorea mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi. Picha hizi leo zimo katika makumbusho ya ng'ambo. Foronya haimo. Utafiti umeishia mlangoni mwa chumba cha kulala, kwa heshima bila shaka, ila pia kwa sababu kazi ya sindano haikuhesabiwa kuwa sanaa. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, ulipiga hatua njema kwa kukusanya vitu vya nyumbani na maneno ya wenye vitu; upo hata mkusanyo wa mwaka 2001 uliohaririwa na Violaine Sizaire wenye jina la Ukumbusho. Njia hiyo inastahili kuendelezwa hadi kitandani.

Kuhusu rangi zenyewe, hali ya nchi nayo ina neno. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na vumbi jekundu la kiangazi huingia kila mahali. Ndiyo sababu ukanda wa chini wa ukuta hupakwa rangi ya mafuta iliyokolea, na wa juu rangi nyepesi. Majarida ya kigeni yanayosifu chumba cheupe chote hayakuandikwa na mtu anayefagia vumbi hili. Wala samawati iliyofifia haifai Julai, ingawa Oktoba inapendeza sana. Mwandishi wa makala haya anapendelea rangi ya udongo, na wanafunzi wake humcheka.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa Gécamines baadaye. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Nyumba nyingi za kambi ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi humo. Anayepita leo huona nyumba zilizokuwa za sura moja zikiwa na kuta za rangi mbalimbali, na vyumba vilivyoongezwa kwa matofali ya udongo wa kichuguu. Mwenye nyumba akienda dukani kununua kopo la rangi, huitaja kwa Kifaransa, kama ilivyoandikwa juu ya kopo. Mkewe, akizungumzia pazia lake, bado husema jeupe, jekundu.