Habari za Ngozi Iliyooteshwa

Ngozi ni nguo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuzikwa nayo, na kwa kuwa hakuinunua, aghalabu haikumbuki thamani yake mpaka ipatwe na moto. Jeraha dogo la kuungua hupona lenyewe. Lakini moto ukila ngozi mpaka chini, na ukala sehemu kubwa ya mwili, maji ya mwili huvuja kama ya mtungi uliotoboka, vijidudu huingia bila kubisha hodi, na mtu huweza kufa ingawa moyo na mapafu yake havikuguswa na moto. Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi zisizo na mali nyingi. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa habari hizo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, liliwaka moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Wengi walikufa palepale. Wengine walikufa hospitalini siku zilizofuata.

Siku hizi yasemwa mengi juu ya tiba ya seli shina. Jina hilo limekuwa kama kibao cha duka, ambacho hutundikwa hata mahali ambapo bidhaa yenyewe haimo. Kwa hiyo nimeona yafaa kusimulia namna tiba hiyo ilivyoanza katika ngozi, na kusahihisha jambo moja ambalo wasimulizi wengi huligeuza. Wao husema kuwa wataalamu walizijua kwanza seli shina za ngozi, kisha wakazitumia kuponya. Mambo yalikwenda kinyume. Mgonjwa alipona kwanza. Elimu ya sababu ya kupona kwake ilimfuata nyuma kwa miaka mingi.

Mjini Paris, mwezi wa Desemba 1869, daktari kijana wa Kiswisi, Jacques-Louis Reverdin, aliwaeleza wapasuaji wenzake habari za vipande vidogo vya ngozi alivyovipanda juu ya kidonda kibichi. Vipande vilishika, na kutoka pembeni mwa kila kimoja ngozi mpya ilitambaa mpaka ikakutana na ya jirani yake. Mkulima angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Mwaka 1964 Tanner na wenzake, huko Marekani, walieleza chombo cha kuichanjachanja ngozi hata iwe kama wavu, ili kipande kimoja kitanuliwe na kufunika mahali pakubwa zaidi. Lakini wavu nao una mwisho wa kutanuka, na aliyeungua karibu mwili mzima hana tena kitalu cha kuchukulia miche.

Je, ndugu yake asimpe? Swali hilo lilijibiwa Glasgow wakati wa Vita Kuu ya Pili. Thomas Gibson na Peter Medawar walimtibu mwanamke aliyeungua kwa vipande vya ngozi yake mwenyewe na vya ndugu yake wa kiume. Vyake vilishika vikadumu. Vya ndugu yake vilishika kwa muda, kisha vikaharibika. Na vilipopandwa mara ya pili viliharibika upesi zaidi, kana kwamba mwili ulikuwa umejifunza kumkataa ndugu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1943, na uchunguzi ulioanzia hapo ulimfikisha Medawar kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mlango wa ngozi ya mwenzio ulifungwa hivyo. Ikabaki njia moja tu: kuichukua ngozi chache iliyosalia kwa mgonjwa na kuifanya iwe nyingi nje ya mwili wake.

Aliyeifungua njia hiyo hakuwa akiitafuta. Howard Green, mwalimu katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, pamoja na mwanafunzi wake James Rheinwald, walikuwa wakichunguza uvimbe wa panya uitwao teratoma, ambao ndani yake huonekana tishu za namna nyingi zilizochanganyika. Katika vyombo vyao vya kuoteshea waliona makundi ya seli ngeni, zilizostawi pale tu zilipokuwa karibu na seli za tishu unganishi. Kumbe zilikuwa seli za namna ya tabaka la juu la ngozi. Wakajaribu basi seli za ngozi ya binadamu juu ya tandiko la seli za panya ziitwazo 3T3, ambazo Green na George Todaro walikuwa wamezipata mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kuzihamisha chombo kila baada ya siku 3. Tandiko hilo hupigwa kwanza miali mikali, ili seli zake ziishi lakini zisizaane. Kazi yao ni kulea watoto wa mwingine. Mwaka 1975 Rheinwald na Green walitangaza kuwa ngozi ya mtu imeota chomboni, na kwamba hata seli moja iliweza kuanzisha kundi zima.

Mwaka 1981 madaktari wa Boston walieleza majeraha ya moto waliyoyafunika kwa ngozi hiyo. Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1983. Watoto wawili wa Wyoming, ndugu wa miaka 5 na 6, waliungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao. Katika zama zile mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa maiti. Walipelekwa Boston, vikachukuliwa vipande vya ngozi vidogo kama stempu ya barua, vikaoteshwa kwa majuma kadhaa, na tando nyembamba zilizopatikana zikapandwa juu ya miili yao, zikafunika karibu nusu yake. Watoto waliishi. Makala ya mwaka 1984 iliyotoa habari hiyo ina majina matano: Gallico, O'Connor, Compton, Kehinde na Green. Msomaji wa Afrika hawezi kulipita jina la nne bila kusimama kidogo, maana Kehinde ndilo jina ambalo Wayoruba humpa pacha wa pili kuzaliwa.

Hapa ndipo nitakapo msomaji atue. Mwaka ule wa 1983 hapana aliyejua kwa hakika ni seli zipi katika tando zile ziliwaponya watoto. Tando nyingine zilishika, nyingine zilibanduka, na daktari hakuwa na njia ya kuzitambua mapema. Mwaka 1987 Yann Barrandon na Green walionyesha kuwa seli za ngozi zioteshwazo si za namna moja. Ziko chache zenye uwezo wa kuzaana sana, ziko za kati, na ziko nyingi ambazo huzaana kidogo kisha hukoma. Hizo chache ndizo zistahilizo jina la shina. Mwanafunzi wangu mmoja alilalamika kuwa neno hilo ni tafsiri baridi. Nilimwuliza kama amewahi kuona mgomba. Ukikata mgomba, chipukizi hutoka shinani. Ukipanda jani lake, litaoza.

Uzito wa tofauti hiyo ulipimwa katika macho. Graziella Pellegrini na Michele De Luca, wa Italia, walikuwa wakiotesha seli za ukingo wa mboni kwa watu walioungua macho, wengi wao kwa kemikali. Mwaka 2010 walitoa hesabu ya wagonjwa 112. Tando zenye seli shina zaidi ya asilimia 3, kwa alama waliyoitumia, zilifaulu kwa asilimia 78. Zenye chini ya hapo zilifaulu kwa asilimia 11 tu. Ulaya iliikubali tiba hiyo mwaka 2015.

Mwaka huo huo mtoto wa miaka 7, wa familia ya wakimbizi wa Syria, alilazwa katika wodi ya majeraha ya moto mjini Bochum, Ujerumani. Hakuungua; ugonjwa wa kuzaliwa ulikuwa ukimchuna ngozi, hata akapoteza karibu asilimia 80. De Luca na wenzake waliotesha seli zake, wakaingiza ndani yake jeni iliyokosekana, wakamvika ngozi mpya. Jeni hiyo iliacha katika kila seli alama ya mahali ilipoingia, mfano wa chapa ya ng'ombe, na kwa alama hizo waliweza kufuata nasaba. Walichokiona walikitangaza mwaka 2017: baada ya miezi, ngozi yote ya mtoto ilikuwa kizazi cha seli shina chache tu. Tangu watoto wa Wyoming waungue, miaka 34 ilikuwa imepita.

Yapasa kusema pia yale ambayo tiba hii haiyawezi. Huhitaji majuma ya kungoja, maabara safi, na fedha ambazo hospitali nyingi duniani hazina. Tando zake ni tabaka la juu tu. Bila tabaka la chini huwa dhaifu na hutoka malengelenge. Wala hazioti nywele, wala hazitoi jasho. Jambo hili la mwisho laonekana dogo Boston wakati wa theluji. Si dogo kwa mtu aliyevikwa ngozi hiyo nusu ya mwili, akiishi Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, ambaye mwili wake hauna pa kutolea joto.

Mwaka 2020 kundi la Karl Koehler, huko Boston, lilitangaza ngozi iliyooteshwa kwa miezi mingi kutoka seli shina za binadamu, yenye tabaka zote mbili, vinyweleo, tezi za mafuta na mishipa ya fahamu. Ilipopandwa juu ya panya, nywele zilichomoza. Tezi za jasho hazikuwamo.