"Setilaiti ya Jeshi": Suala la Umiliki katika Istilahi

Miongoni mwa maneno yanayopita mikononi mwa wafasiri bila kuhojiwa ni "setilaiti ya jeshi". Setilaiti limekwisha kukubalika, wala hatuoni haja ya kulifufulia mpinzani kama "mwezi bandia". Jeshi ni neno la siku nyingi. Taabu imo katika kiungo kidogo kilicho katikati, yaani "ya". Kiungo hiki huunganisha kitu na mwenye nacho, na anayekitumia, na hata na kazi kilichokusudiwa. Nyumba ya Juma yaweza kuwa aliyoijenga, na yaweza kuwa aliyoipanga. Barazani haidhuru, katika mkataba wa mawasiliano ya ulinzi yadhuru sana, kama inavyoonyesha historia ya setilaiti za Uingereza ziitwazo Skynet.

Ya kwanza, Skynet 1A, ilirushwa kutoka Cape Canaveral, Marekani, mwezi Novemba 1969, ikawekwa juu ya upande wa mashariki wa Afrika ili kuwaunganisha makamanda wa Uingereza na askari wao waliokuwa mbali hadi Singapore. Setilaiti ya namna hii hukaa juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, ikazunguka sawasawa na dunia hata ikaonekana imesimama mahali pamoja. Ilisemwa kuwa ni ya Uingereza. Lakini iliundwa na kampuni ya Kimarekani ya Philco Ford, ikachukuliwa na roketi ya Kimarekani, na mwanzoni usukani wake ulikuwa mikononi mwa jeshi la anga la Marekani, kabla Waingereza hawajakabidhiwa.

Haikudumu miaka mingi. Ilipokwisha kunyamaza, nguvu za mvuto zingaliivuta polepole upande wa mashariki, ibaki juu ya Bahari ya Hindi. Leo iko nusu ya dunia kutoka hapo, juu ya eneo la Amerika. Basi yuko aliyeiamuru isogee, yamkini katikati ya miaka ya 1970, na hadi leo haijapatikana hati inayomtaja. Chombo kilikuwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina, na bado hakuna awezaye kusema ni mkono wa nani uliokiondoa mahali pake.

Skynet 2B, iliyorushwa mwaka 1974, iliundwa na kampuni ya Marconi mjini Portsmouth. Kisha Uingereza ikapunguza majeshi yake mashariki ya Suez, na mpango wa Skynet 3 ukafutwa. Vita vya Falkland vya mwaka 1982 viliikumbusha serikali hiyo thamani ya chombo chake yenyewe, na Skynet 4 zikaanza kurushwa mwaka 1988.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2003. Serikali ya Uingereza ilitia saini mkataba na kampuni ya Paradigm, ambayo ilichukua setilaiti za Skynet 4 zilizokuwa angani, ikagharimia na kurusha za Skynet 5 kuanzia mwaka 2007, na kuiuzia serikali mawasiliano. Nafasi iliyosalia kampuni iliruhusiwa kuwauzia wateja wengine, wakiwamo NATO. Hapo ndipo biashara ilipoona mlango wake: jeshi moja lalipa gharama kubwa ya msingi, na majeshi mengine yanunua kilichobaki. Katika miaka hiyo yote Skynet 5 iliendelea kuitwa setilaiti ya jeshi la Uingereza, ingawa jeshi hilo lilikuwa mteja.

Wamarekani walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kampuni ya Iridium, iliyotumia dola bilioni 5 hivi kuweka angani setilaiti 66 za simu, ilifilisika mwezi Agosti 1999, na ukafanywa mpango wa kuziteketeza. Mwezi Desemba 2000 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka miwili, kwa watumiaji 20,000, na wanunuzi wapya wakaupata mtandao wote kwa dola milioni 25. Hizi hazikuwa setilaiti za jeshi hata kidogo. Jeshi ndilo lililoziokoa.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenganisha hali hizi, tukikubali kuyatumia. Aliyenunua lori ni mmiliki. Aliyelikodi hana lori, lakini kwa siku zake yeye ndiye anayesema liende wapi. Aliyelipa nauli ni abiria, na njia si yake. Wafasiri wengi huandika "kukodi setilaiti" pale ambapo mkataba unazungumzia kununua huduma, yaani wanamwita abiria mkodi. Mwaka 2022 Ukraine, iliyokuwa ikitegemea sana huduma ya Starlink, ilitaka huduma hiyo ifike Crimea. Mwaka uliofuata mwenye kampuni, Elon Musk, alieleza mwenyewe kwamba alikataa. Afisa aliyesoma tafsiri yenye neno "kukodi" asingalitazamia jibu hilo.

Abiria, tena, hupanda na wengine. Tarehe 24 Februari 2022 mtandao wa setilaiti ya kibiashara ya KA-SAT, uliotumiwa pia na jeshi la Ukraine, ulishambuliwa kwa kuharibiwa modemu za wateja. Huko Ujerumani mitambo 5,800 hivi ya umeme wa upepo ilikatikiwa na mawasiliano ya kuisimamia kutoka mbali.

Kwa hiyo twapendekeza hati za serikali ziandike "setilaiti inayomilikiwa na", "inayoendeshwa na" au "inayotumiwa na", hata kama sentensi itarefuka. Aidha, neno "masafa" liachiwe mawimbi ya redio, na urefu wa kutoka ardhini uitwe "umbali". Tumewahi kusoma sentensi moja iliyotumia "masafa" kwa maana zote mbili, na hatukuielewa.

Mkataba wa Skynet 5 ulikwisha mwaka 2022, na setilaiti zikarejea kuwa mali ya serikali. Uendeshaji wa vituo vya ardhini ulipewa kampuni nyingine.