Gari la Mbio na Vifaa vya Hiari

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyagawa magari kwa bei ya kuuzia badala ya ukubwa wa injini, kwa kuwa yalikusudiwa magari ya kawaida ya dukani. Utaratibu huo, ingawa ulikuwa wa haki, haukudumu. Baadaye hata magari yasiyo ya kawaida ya dukani yalishinda: Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lililoshinda mwaka 1971 na 1973, liliandaliwa na kiwanda chenyewe na kuwekewa kinga ya injini, yaani bamba nene linalozuia mawe yasitoboe chombo cha oili. Na katika barabara za udongo, bamba hilo lina thamani kubwa kuliko rangi yoyote ya kuchagua.