Neno demoralize na mabadiliko ya maana yake

Kitenzi cha Kiingereza demoralize leo kina maana ya kumvunja mtu moyo, kumwondolea ari na imani kwamba juhudi zake zitazaa matunda. Lilipoingia katika lugha hiyo mwishoni mwa karne ya 18, neno hilo lilihusu maadili. Aliyeelezwa nalo alikuwa mtu aliyepotoka, na lawama ilikuwa yake.

Asili yake ni Ufaransa, katika kitenzi démoraliser kilichoenea wakati wa Mapinduzi. Mwandishi wa kamusi wa Marekani, Noah Webster, alilitumia katika kijitabu cha mwaka 1794 kuhusu Mapinduzi hayo, akidai kwamba vita vyote huharibu tabia za watu. Mwanajiolojia Charles Lyell, aliyeitembelea Marekani miaka ya 1840, alisimulia kwamba Webster alipoulizwa ameunda maneno mangapi alijibu ni hilo moja tu. Ni jibu la unyenyekevu kutoka kwa mtu ambaye kamusi yake ya mwaka 1828 ilikuwa na maneno yapatayo 70,000. Katika kamusi hiyo neno bado lilihusu uharibifu wa maadili.

Walioligeuza ni wanajeshi. Wafaransa waliita ari ya askari moral, na Napoleon aliipa uzito zaidi kuliko wingi wa watu. Waingereza walipoiazima nomino hiyo, kitenzi nacho kikaifuata.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vinaonyesha maana mpya ikiwa imeshakomaa. Tarehe 15 Februari 1862, majeshi ya Kusini yaliyozingirwa katika ngome ya Donelson, kando ya Mto Cumberland huko Tennessee, yalitoka na kuvunja upande mmoja wa mzingo. Jenerali Ulysses Grant wa majeshi ya Kaskazini aliporudi uwanjani alikuta askari wake wamesimama vikundi vikundi, wakizungumza kwa jazba. Mikoba yao ya risasi ilikuwa tupu ilhali risasi zilijaa karibu yao, na hapakuwa na ofisa wa kuwaelekeza. Aliwasikia baadhi yao wakisema kwamba adui amekuja na mifuko iliyojaa chakula, wakidhani amejiandaa kupigana siku nyingi. Grant aliona kinyume chake: anayebeba posho yake yote anataka kutoroka. Katika kumbukumbu zake alieleza hali ya pande zote mbili kwa neno hilohilo, akiamini kwamba atakayeshambulia kwanza atashinda. Aliamuru mashambulizi, na kesho yake ngome ikasalimu amri. Hakuna aliyekuwa akisema habari za dhambi hapo.

Maana ya zamani haikufa mara moja. Chama cha Charity Organisation Society, kilichoanzishwa London mwaka 1869, kilishikilia kwamba sadaka zinazotolewa ovyo huwafanya maskini kuwa demoralized, yaani huwafanya wavivu na tegemezi. Msomaji wa leo anayedhani wanahurumiwa kwa kukata tamaa anakosea: walikuwa wakilaumiwa.

Neno jingine la kumvunja mtu moyo, dishearten, lenye mzizi wa neno la Kiingereza la moyo, ni kongwe zaidi. Shakespeare alilitumia katika Henry V kuhusu mfalme anayeweza kulitia jeshi lake woga. Hilo hutosha kwa pigo moja. Demoralize hufaa zaidi pale kushindwa kunapojirudia, hasa kwa kundi: timu inayofungwa kila wiki, au wafanyakazi wasiolipwa mishahara kwa miezi.